Naorodhesha magemu ya zamani yaliyotoka kwenye majarida na vitabu, nimekwama kwenye mpangilio, naomba ushauri

Mkutubi77

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kuorodhesha vitu vya zamani, iwe magemu, santuri au hata stempu, maana nimefika mahali nimekwama kabisa.

Mimi niko Leicester huku Uingereza, kazi yangu ni maktaba, na mwezi wa nne nilinunua maboksi matatu kwenye soko la mitumba la Jumapili, ndani yake kuna majarida ya kompyuta ya kuanzia 1981 mpaka 1988 hivi, mengi ya hapa na machache ya Marekani, pamoja na vitabu 19. Kwa ambao hamkuziona zile kompyuta, ZX81 ilitoka 1981, ZX Spectrum na Commodore 64 zikatoka 1982, na ukiiwasha tu inakufungulia BASIC, lugha ya kuandikia programu, hapo hapo inasubiri uandike. Sasa majarida yalikuwa yanachapisha gemu nzima kwenye karatasi, mstari kwa mstari, 10, 20, 30, wewe unakaa na jarida mapajani unaichapa yote kwa kibodi, ukimaliza unaandika RUN unacheza, na ukitaka kuicheza tena kesho unairekodi kwenye kaseti ya kawaida. Yaani gemu iliuzwa kama karatasi.

Nimeanza Excel, gemu moja mstari mmoja: jina, mwandishi, mwaka, kompyuta. Nimefika mistari 600 na kitu na sasa kila kitu kimevurugika. Gemu moja naikuta kwenye jarida la 1982 na kitabu cha 1984 kwa jina tofauti. Nyingine jina ni lile lile lakini programu si ile ile. Vitabu vya Usborne, wachapishaji wa vitabu vya watoto, ndio kabisa, ukurasa mmoja una programu moja ya msingi halafu pembeni kuna alama alama, kila alama ni kompyuta yake, mstari huu badilisha kama una Spectrum, huu kama una BBC Micro, huu kama una VIC-20, zote kompyuta za wakati ule. Sasa hiyo ni gemu moja au sita?

Na kilichonifanya niandike hapa ni hiki. Kuna gemu ndogo ya kurusha mizinga angani ya Spectrum, ukurasa wa 47 wa jarida moja (silitaji), nikaichapa yote mwenyewe kwenye emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani), jioni mbili. Nikiandika RUN inaniletea "E Out of DATA, 30:1". Nimeukagua mstari wa 30 mpaka macho yakauma, hauna kosa lolote, ni READ tu ya kawaida, amri ya kusoma namba zilizoandikwa kwenye mistari ya DATA. Siku ya tatu ndio nikaona, mstari wa 310 umechapishwa DATA 24,60,126.219,255,36,90,165. Angalieni vizuri kati ya 126 na 219, ni nukta sio mkato. Kompyuta inaisoma kama namba moja yenye desimali, kwa hiyo badala ya namba 8 za kuchora kadudu inapata 7, ikienda kuchukua ya nane haipo. Kosa liko 310 lakini kelele inapigiwa mstari wa 30. Nikaweka mkato, kakatokea kadudu kenye macho mawili na miguu, kazuri mno. Baadaye nikakuta toleo la miezi miwili mbele, chini kabisa ya ukurasa wa barua, wameandika masahihisho kwa herufi ndogo.

Sasa swali langu: naorodhesha ipi? Ile iliyochapishwa ambayo haichezeki, au niliyoisahihisha ambayo haikuwahi kuchapishwa popote ikiwa nzima?

njiti_tatu

Sasa boss. Hiyo maneno ya nukta imenigusa, mimi nafanya databezi Nairobi kila siku na naona shida yako haiko kwa magemu, iko kwa ule mstari mmoja. Umelazimisha vitu vitatu vikae kiti kimoja.

Tenganisha karatasi tatu kwa Excel yako. Ya kwanza ni gemu yenyewe, ile wazo na jina ambalo watu wanaijua. Ya pili ni kila mahali ilipochapishwa, jarida gani, toleo gani, ukurasa wa ngapi mpaka wa ngapi, kompyuta gani, jina lilivyoandikwa hapo na mwandishi alivyoandikwa hapo, usirekebishe kitu. Ya tatu ni mafaili, nani alichapa, lini, kutoka ukurasa upi, amebadilisha nini. Kila mstari wa karatasi ya tatu unaelekeza kwa mmoja wa karatasi ya pili na kila wa pili unaelekeza kwa mmoja wa kwanza, basi.

Nikupe mfano wa gemu ambayo bila hivyo huwezi kuiweka sawa. Kuna ile ya kutawala Sumeria, unanunua mashamba, unalisha watu, unapanda nafaka, panya wanakula ghala. Doug Dyment aliiandika 1968 pale DEC, kampuni ya kompyuta ya Marekani, kwa lugha inaitwa FOCAL, halafu David Ahl akaigeuza BASIC akaiweka kwa kitabu chake 101 BASIC Computer Games cha 1973, na humo inaitwa HMRABI, hivyo hivyo bila irabu nusu, kwa sababu majina ya programu yalibanwa herufi sita. Kitabu kilipotoka upya 1978 ikaitwa Hamurabi, m moja. Sasa mtu akitafuta Hammurabi na m mbili vile anajua kutoka darasa la historia hapati kitu. Gemu ni moja, machapisho ni mengi, majina kila moja na lake, na yote ni sahihi pale yalipo. Ukichagua jina moja ufute mengine umeua ushahidi.

Usborne jibu langu: gemu moja, ukurasa mmoja, na kwa karatasi ya pili unaweka mstari kwa kila kompyuta kwa sababu kila kompyuta inapata programu yake tofauti kutoka ule ukurasa. Ndio, ni kazi. Lakini mtu mwenye VIC-20 anatafuta ya VIC-20.

MamaNyaraka

Shikamoo kwa wakubwa, na wewe kaka hongera kwa kazi. Mimi ni mtu wa nyaraka Dar, magemu siyajui sana ila karatasi nazijua.

Swali lako la mwisho kwangu halina ubishi. Asili ni karatasi. Ukurasa wa 47 pamoja na nukta yake ndio kitu kilichotolewa kwa umma siku ile, watoto kwa maelfu waliinunua na ile nukta, wakaichapa na ile nukta, wakakaa na "Out of DATA" usiku mzima kama wewe. Hiyo ni sehemu ya historia ya gemu hiyo huwezi kuifuta. Unaorodhesha ukurasa 47 kama ulivyo. Halafu masahihisho ya miezi miwili baadaye nayo ni chapisho, yana tarehe yake, yana ukurasa wake, yape mstari wake na uyafungamanishe na la kwanza. Halafu faili lako wewe ni nakala ya tatu, imetengenezwa mwaka huu Leicester kutokana na hayo mawili. Ukiandika hivyo hakuna aliyedanganywa.

Mambo mengine ninayokuomba uyaangalie. Tarehe, andika ya kwenye jalada, usijaribu kukisia ilitoka dukani lini, maana haya majarida la Desemba lilikuwa linauzwa Novemba, sasa mmoja akiandika hivi mwingine vile mnakuja kugombana nani alitangulia. Mwandishi, kama jarida limeandika herufi za kwanza tu na jina la ukoo basi acha hivyo hivyo, na kama hawakuandika kabisa acha wazi, usiandike "haijulikani" kwenye safu ya jina kwa sababu baada ya miaka mtu atapanga kwa alfabeti atakuta bwana Haijulikani ameandika magemu 90. Wengi wa hawa walikuwa watoto wa shule waliotuma programu zao kwa posta wakalipwa kiasi kidogo, jina lao kwenye ule ukurasa pengine ndio mahali pekee duniani lilipochapishwa, kwa hiyo linakiliwe sawasawa hata kama tahajia inakutia shaka.

Na usiamini skani kuliko karatasi. Skani iliyobanwa mkato unageuka nukta na nukta inapotea kabisa. Karatasi unayo, itunze, usiikate uti wa mgongo ili ikae vizuri kwenye skana, nakusihi sana.

spektra48

Naungana na Mama hapo juu kwa asilimia mia ila niongezee la kiufundi maana mimi nimechapa listingi (programu zilizochapishwa kwenye karatasi) nyingi sana za Spectrum, na hapo kwenye skani kuna sababu. Majarida mengi hayakupanga programu upya, walipiga picha karatasi iliyotoka kwenye ZX Printer, ile printa ndogo iliyokuwa inachoma karatasi ya rangi ya fedha kwa cheche, sasa ukiipiga picha ukaichapisha kwenye karatasi ya bei rahisi ukaja kuiskani miaka 40 baadaye, 8 na B na 3 zote zinafanana. Uzuri wake ni kwamba kilichotoka kwenye printa kimetoka kwenye programu iliyokuwa inafanya kazi. Zile zilizopangwa upya na mpiga chapa ndizo zinasomeka vizuri lakini ndizo zina makosa ya mkono. Kwa hiyo weka safu moja tu: picha ya printa au imepangwa upya. Itakusaidia kujua ushuku wapi, macho yako au jarida.

La pili ni mafaili. Msije mkafikiri watu wawili wakichapa ukurasa mmoja lazima watapata mafaili yanayolingana baiti kwa baiti. Kwenye Spectrum ukifanya SAVE inahifadhi na vigeuzi vyote (thamani ambazo programu inazitumia) vilivyomo kwenye memori muda ule, kwa hiyo aliyecheza kidogo kabla ya kuhifadhi faili lake ni kubwa kuliko la aliyehifadhi kabla ya RUN, na programu ni ile ile. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, toa programu kama maandishi ulinganishe maandishi. Mimi nahifadhi vyote viwili, faili la maandishi ambalo linafuata ukurasa herufi kwa herufi, hata kosa, na faili la kaseti ambalo linacheza. La kwanza halina masahihisho hata moja. La pili kila nilichobadilisha kimeandikwa, mstari gani, ilikuwa nini, imekuwa nini, na kwa idhini ya nani, jarida lenyewe au mimi.

Kabla hujaendelea mbali angalia ZXDB kwa upande wa Spectrum, ni databezi ya wazi na inarekodi mpaka toleo na ukurasa wa jarida, usije ukafanya upya kazi iliyokwisha fanyika, bora ujaze mapengo.

BinMattrah

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nawasoma kutoka Muscat. Sisi huku miaka ile kompyuta ya nyumbani ilikuwa Sakhr, kompyuta za aina ya MSX zile zilizokuja na Kiarabu kutoka kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, na kakangu mkubwa alikuwa na moja, tukikaa sakafuni, yeye anasoma mstari mimi nachapa, kwa sauti, "nukta mbili, mkato, fungua mabano," na tukikosea tunarudi mwanzo. Nyumbani tukisema Kiswahili basi naweza kusema kuna magemu ya BASIC yaliyosomwa kwa Kiswahili cha Unguja hata kama hakuna aliyeandika popote.

Langu kwako Maalim ni kuhusu safu ya kompyuta. Usiandike "MSX" ukaishia hapo wala "ZX81" ukaishia hapo. Andika na memori. ZX81 ilitoka na kilobaiti 1 tu, na kuna magemu yameandikwa kuingia humo humo, David Horne aliingiza sataranji kwenye ile kilobaiti 1, na programu yake ilichapishwa kwenye jarida la Your Computer. Na mengine yanataka 16. Mtu akichapa ya 16 kwenye ya 1 anadhani gemu mbovu.

Pili, je unaweka na vilivyokuja kwa njia nyingine? Maana kuna kaseti zilizobandikwa kwenye jalada la jarida, na Uholanzi na Yugoslavia programu zilirushwa redioni, watu wakarekodi zile kelele kwenye kaseti wakaziingiza kwenye kompyuta. Belgrade kulikuwa na kipindi Ventilator 202 cha Zoran Modli kikifanya hivyo, wakati ule ule ambapo jarida lilitoa michoro ya kujiundia kompyuta ya Galaksija. Hivyo ni nini, ni jarida au si jarida?

Mkutubi77

Wadau mmenifungua macho kweli kweli. Jana nimekaa mpaka saa saba usiku nimevunja ile Excel nikaigawa tatu kama alivyosema njiti_tatu, mistari 600 imegeuka magemu 412 na machapisho 700 na zaidi, na kwa mara ya kwanza naona kitu kinakaa.

BinMattrah, kaseti za jalada nimeamua naziweka ila nyingi ni gemu iliyokwisha uzwa madukani miaka miwili mitatu nyuma ikarudishwa bure, kwa hiyo kwenye karatasi ya pili inaingia kama toleo la baadaye, sio la kwanza. Za redio sinazo hata moja ila nimeongeza safu ya njia ambayo gemu ilipitia, ukurasa, kaseti, diski, redio, iwepo ikisubiri. Na hiyo ya wewe na kaka yako kusomeana mistari, naomba siku ukipata nafasi uiandike kwa urefu, nitaipa mahali.

MamaNyaraka, uti wa mgongo hautaguswa, nakuahidi.

Nina swali moja tu limebaki. Majarida ya Marekani ya Commodore, yale ya Compute!'s Gazette, kila mstari mwishoni una kitu kama ":rem 220" na nikiichapa haina maana yoyote. Ni sehemu ya programu au sio?

spektra48

Sio sehemu, usiichape, na hiyo ni dhahabu kwako. Ni namba ya ukaguzi. Walikuwa na programu ndogo inaitwa Automatic Proofreader, unaiingiza kwanza, halafu kila ukimaliza mstari na kubonyeza RETURN inakutolea namba juu ya skrini, unalinganisha na ile ya kwenye karatasi, zikifanana unaendelea. Kwa programu za lugha ya mashine walikuwa na nyingine, MLX, ile inakagua mstari wa namba na kukataa ukikosea.

Maana yake kwa orodha yako ni kwamba kwa hayo majarida unaweza kuthibitisha nakala bila kubahatisha, weka safu ya "imekaguliwa kwa namba zote". Ila tahadhari moja, ule Proofreader wa mwanzo ulikuwa unajumlisha tu thamani za herufi za mstari, kwa hiyo ukibadilisha nafasi, ukaandika 21 badala ya 12, jumla ni ile ile na haikuambii kitu. Kwenye mistari ya DATA soma tena kwa macho hata kama namba imekubali. Na jarida lao kubwa Compute! masahihisho yao yalikuwa kwenye safu inaitwa CAPUTE!, ipitie yote kabla hujasema gemu fulani ni mbovu.

njiti_tatu

Na boss, ukimaliza boksi la kwanza tupe hiyo Excel tuione, hata kama haijakamilika. Mafaili na skani angalia haki za wenyewe kwanza, Usborne kwa mfano wameweka vitabu vyao kadhaa vya miaka ya 80 bure kwa tovuti yao wenyewe, kwa hivyo hapo unaelekeza kwao tu hauhitaji kupandisha kopi. Lakini orodha, jina, toleo, ukurasa, hiyo ni kazi ya mikono yako, itoe.

Mkutubi77

Sawa kabisa, itatoka boksi la kwanza likiisha. Ule ukurasa wa 47 nimeuingiza hivi, mnikosoe. Karatasi ya pili, mstari wa kwanza: ukurasa 47, Spectrum 16K, imepangwa upya na mpiga chapa, mwandishi kama alivyochapishwa, mstari wa 310 una nukta baada ya 126. Mstari wa pili: masahihisho, toleo la miezi miwili baadaye, ukurasa wa barua, yanahusu mstari wa kwanza. Karatasi ya tatu: faili la maandishi, lina nukta. Faili la kaseti, mkato badala ya nukta mstari wa 310, kwa idhini ya jarida, limehifadhiwa kabla ya RUN.

Na mwandishi, nimeangalia tena kwa kioo cha kukuzia, chini ya jina lake kwa herufi ndogo sana wameandika na umri. Alikuwa na miaka 13. Nimeongeza safu.